Kuendesha nyumba ya kushea Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kushea nyumba si jambo jipya Dar es Salaam. Ingia nyumba yoyote ya Kiswahili iliyobaki Magomeni, Ilala au Temeke. Korido inapita katikati kutoka barazani hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na huko uani ndiko kuna choo, bafu, jiko na kamba ya kuanikia nguo. Kila mlango una pazia lake. Watu wamezaliwa, wamesoma na wameoa humo. Kilichobadilika ni mpangaji. Siku hizi ni kijana aliyepata kazi ya kwanza Posta, muuguzi wa mazoezi, au dada aliyehamishwa kikazi kutoka Mwanza. Anataka chumba chenye kitanda tayari, intaneti, maji yasiyokatika na choo safi. Nyumba nzima haiwezi, na chumba kitupu cha kulipia miezi sita halafu aanze kununua godoro hakitaki.

Nimeendesha nyumba za namna hii, yaani kupanga nyumba nzima kisha kupangisha chumba kimoja kimoja, kwa miaka saba, ya kwanza Sinza, ya pili Tabata. Katika miaka hiyo sijaona mpangaji aliyehama kwa sababu chumba chake kilikuwa kidogo. Wanaohama wanahama kwa sababu ya choo, jiko, umeme wa LUKU, au mgeni wa jirani asiyeondoka. Mpangaji analetwa na chumba, lakini anayemfukuza ni uani. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana uani, na mambo mengine utayapita haraka.

Amua kwanza nani atalala humo

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Idadi hiyo isikuleweshe, wateja wako ni kundi dogo ndani yake, na kila kundi lina tabia zake.

Wanafunzi ni wengi na wanapatikana kwa urahisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata hosteli za Magufuli mwaka 2017 zenye nafasi 3,840, na bado Changanyikeni, Makongo, Mabibo na Sinza zimejaa wanafunzi waliopanga mtaani. Shida yao ni likizo ndefu. Chuo kikifungwa, vyumba vinabaki vitupu hadi kifunguliwe, na kodi ya mwenye nyumba haina likizo. Ukichukua wanafunzi, gawa kodi ya mwaka mzima kwenye miezi watakayokuwepo, na uwaambie hivyo wazi tangu mwanzo.

Waajiriwa wapya wanalipa kila mwezi bila kuyumba, lakini wanachagua. Madaktari na wauguzi walio karibu na Muhimbili wanatafuta Upanga, Ilala au Magomeni, na wengi wao wanalala mchana baada ya zamu ya usiku. Wanaokuja mjini kwa mafunzo au mradi wa miezi mitatu hadi sita wanalipa vizuri kuliko wote, ila kila wanapoondoka unaanza kutafuta upya.

Mimi sichanganyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza na waajiriwa kwenye nyumba moja. Nilijaribu mara moja. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari hawezi kuishi kwa amani na anayeanza kupika ubwabwa saa sita usiku. Wote ni watu wema, lakini saa zao ndizo zinazogombana.

Kuhusu eneo, fuata barabara. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, vyumba vilivyo umbali wa kutembea kutoka vituo vya Ubungo, Manzese, Magomeni na Morocco vinatafutwa sana. Usiamini maneno ya dalali kwamba "hapa na mjini ni dakika ishirini". Panda gari mwenyewe Jumatatu saa 12 asubuhi kutoka kwenye hiyo nyumba hadi Posta, uhesabu. Kisha rudi kuiona nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Kama mvua haipo, angalia kuta za nje kwa chini, mstari wa tope uliokauka utakuambia maji yalifika wapi. Kando ya bonde la Msimbazi mstari huo nimeuona umefika kiunoni.

Mwenye nyumba ni nani hasa?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea. Ukifika utamsalimu mzee, "Shikamoo baba," atakuitikia, "Marahaba mwanangu," na swali la pili litakuwa, "Mtakaa wangapi?" Mwambie kweli. Mweleze kwamba wewe hutakaa humo, kwamba utapangisha chumba kimoja kimoja kwa watu uliowachuja, na kwamba yeye atalipwa na mtu mmoja tu, ambaye ni wewe.

Nyumba yangu ya kwanza sikufanya hivyo. Nilimwambia mwenye nyumba kwamba nitakaa na wadogo zangu. Mwezi wa nne alikuja bila taarifa, akakuta vitasa vitano vipya kwenye milango mitano na majina matano yamebandikwa kwenye friji. Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilipoteza kodi ya miezi minane niliyokuwa nimeilipa pamoja na rangi niliyoipaka, na wapangaji watano walihangaika kutafuta pa kwenda kwa sababu ya uongo wangu. Tangu siku hiyo ruhusa ya kupangisha watu wengine huwa ni kifungu cha kwanza kwenye mkataba, kimeandikwa na kusainiwa.

Baada ya hapo hakikisha mambo haya. Nyumba nyingi za Ilala, Magomeni na Kariakoo ni za urithi, na anayekuonyesha anaweza kuwa mmoja tu wa watoto saba. Omba kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo ndiye asaini. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwenzi naye aridhie nyumba hiyo inapopangishwa, kwa hiyo mke au mume naye asaini. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize kwa mwenyekiti au mtendaji nyumba ile inajulikana ni ya nani. Swali hilo limewaokoa watu wengi waliokuwa tayari wameshika pesa mkononi. Nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa achana nazo kabisa kwa biashara hii, mikataba yao hairuhusu mpangaji kupangisha mwingine.

Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja. Mlipe, ni kazi yake, lakini mlipe ukishashika ufunguo na mkataba umesainiwa.

Usikubali mkataba wa mwaka mmoja. Omba wa miaka mitatu, hata kama unalipa kwa awamu za miezi sita, na iandikwe kodi itapanda lini na kwa kiasi gani. Sheria ya 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na kikubwa kilichobaki kukulinda dhidi ya kupandishiwa kodi ghafla ni maandishi yenu wenyewe.

Hesabu, kabla hujatoa hata shilingi

Nichukue mfano wa nyumba ya vyumba vitano. Bei ni za mfano tu, weka za mtaa wako. Mwenye nyumba anataka 700,000 kwa mwezi. Vyumba viwili vyenye choo ndani unapangisha 300,000 kila kimoja, vitatu vya kawaida 230,000. Nyumba ikijaa unakusanya 1,290,000.

Toa 700,000 za mwenye nyumba. Toa 90,000 za dada wa usafi anayekuja mara tatu kwa wiki, 70,000 za intaneti, 50,000 za maji, 30,000 za umeme wa taa za nje, friji na pampu, na 60,000 unazoweka pembeni kwa mafundi. Hizo 60,000 usiziguse hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika, kwa sababu mwezi unaofuata pampu itaungua. Unabaki na 290,000.

Sasa chumba kimoja cha 230,000 kikae kitupu mwezi mmoja. Umebaki na 60,000. Viwili vikikaa vitupu, unatoa mfukoni. Kwa hiyo usipige hesabu ya nyumba iliyojaa. Piga ukichukulia kila chumba kitakaa kitupu mwezi mmoja kwa mwaka: badala ya 3,480,000 utapata 2,190,000, na hapo kodi ya serikali hujaitoa.

Na mtaji? Kitanda na godoro 350,000 mara vyumba vitano ni 1,750,000. Makabati 1,000,000. Jiko la gesi, mtungi, friji na vyombo 1,300,000. Submita tano, yaani mita ndogo ya umeme kwa kila chumba, 225,000. Rangi na marekebisho 600,000. Jumla 4,875,000, ukiweka kando kodi ya mwaka ya 8,400,000 kama mwenye nyumba anaitaka yote mbele. Vitu vya ndani peke yake vitachukua zaidi ya miaka miwili kurudi. Anayekuambia biashara hii inarudisha pesa kwa miezi sita hajawahi kununua godoro.

Ndiyo maana siku hizi ninapendelea njia nyingine, na kwa anayeanza bila mtaji mkubwa naona ndiyo bora. Usipange nyumba. Kubaliana na mwenye nyumba uiendeshe kwa niaba yake, uchukue asilimia 15 ya makusanyo. Kwa nyumba hiyohiyo, utapata 193,500. Yeye, baada ya kutoa zile gharama za 300,000, atabaki na 796,500, zaidi ya 700,000 alizokuwa anazitaka. Wewe hujafungia milioni nane kwenye kodi ya mbele, na mwezi chumba kikiwa kitupu mnaumia wote wawili. Ni lazima umpe hesabu ya maandishi kila mwezi, na risiti. Mzee akishaona risiti miezi mitatu mfululizo, ataanza kukutafutia nyumba za ndugu zake.

Ukaguzi na marekebisho

Anza na maji. Mtu mmoja atatumia lita 60 kwa siku bila kujibana. Watu sita ni 360, kwa hiyo tanki la lita 2,000 litawapeleka siku tano na nusu. Mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikagawa maji kwa zamu, nyumba zilizokuwa na tanki la lita 500 zilikuwa zinanunua maji ya ndoo. Weka tanki kubwa kadiri paa au mnara utakavyobeba. Kama kuna kisima cha maji ya chumvi, kiunge kwenye vyoo na bomba la kufulia tu, na uyaweke mabomba mbali yasichanganyike.

Choo: watu watatu, wasizidi wanne, kwa choo kimoja. Ukiwa na watano kwa choo kimoja, asubuhi kuna foleni na mtu mmoja atachelewa kazini kila siku akimlaumu mwingine. Fungua kifuniko cha shimo la majitaka kabla hujasaini. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wawili litajaa mara mbili haraka likipata watu wazima sita wanaooga kutwa mara mbili. Liite gari la kunyonya majitaka kabla hujaingiza mtu, na gharama hiyo aibebe mwenye nyumba.

Umeme mwite fundi mwenye leseni afungue kisanduku. Nyumba za zamani zina waya mwembamba uliowekwa kwa taa na redio, leo utabeba pasi tano na birika tano. Kila chumba kiwe na soketi mbili nzima, na saketi breka yake.

Usigawe sebule kwa plywood ili upate vyumba viwili zaidi. Najua kishawishi chake. Chumba kisicho na dirisha Dar es Salaam mwezi wa Februari hakilaliki, sauti zinapita, na moto ukitokea ubao ndio unaowaka kwanza. Kuhusu moto, madirisha yetu yote yana nondo. Chomelesha walau dirisha moja la kila chumba liwe la kufunguka kwa ndani, ufunguo ukining'inia kwenye msumari ulio karibu ambao mtoto wa nje hawezi kuufikia. Bandika namba 114 ya Zimamoto jikoni, na mtungi wa kuzimia moto ukae korido, usikae stoo.

LUKU

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu LUKU imevunja nyumba nyingi kuliko mapenzi.

Usiku mmoja nyumba ya Sinza, saa saba, kimashine cha LUKU kilianza kulia kikiashiria uniti zinaisha. Kila mtu alikisikia. Hakuna aliyetoka. Kila mmoja alijua aliyenunua mara ya mwisho ni yeye, au alidhani hivyo. Saa tisa umeme ulizima, feni zikasimama, samaki wa dada wa chumba namba tatu wakaanza kuyeyuka kwenye friji. Asubuhi nilikuta kikao kimeshaanza bila mimi. Dada yule alikuwa ameweka mezani jumbe zake zote za manunuzi ya mwezi, amezinakili kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, tarehe na kiasi, na aliniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Kaka, mimi nina taa moja na simu. Kwa nini nanunua sawa na mwenye hita?" Sikuwa na jibu.

Wiki hiyohiyo nilifunga submita. Utaratibu ninaoutumia sasa ni huu. Umeme wa mita kuu ya TANESCO ananunua mmoja wetu tu, naye ni mimi. Kila chumba kina submita yake. Nyumba ya watu sita isahau bei ya nafuu ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, mtakuwa kwenye bei ya kawaida, ambako shilingi 10,000 inaleta kama uniti 28, yaani karibu 357 kwa uniti. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunasoma submita pamoja, mmoja wa wapangaji akiandika. Chumba namba tatu kikitumia uniti 31 kwa mwezi, analipa 31 mara 357, sawa na 11,067. Taa za korido, friji na pampu zimo kwenye kodi, sizidai. Usiongeze hata shilingi kumi juu ya bei ya TANESCO. Wapangaji watapiga hesabu, na siku wakigundua umewachukulia faida kwenye umeme hawatakuamini hata kwenye jambo la kweli.

Jambo dogo linaloleta kelele kubwa: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayeona pesa zimepungua na uniti hazikutosha, kisha anadhani ameibiwa. Kodi hiyo ni mzigo wa mwenye nyumba, mpangaji haimhusu. Andika kwenye mkataba wako na mwenye nyumba kwamba makato hayo utayatoa kwenye kodi yake, na utunze jumbe.

Jiko, friji na mwezi wa Ramadhani

Jiko la pamoja linahitaji makabati yenye kufuli, moja kwa kila chumba. Kuna watakaosema kufuli zinaonyesha watu hawaaminiani. Mimi nimeona kinyume chake. Sukari ikiwa imefungwa, mtu anamwomba mwenzake sukari, na kuomba ndiko kunakojenga ujirani. Ikiwa wazi inapungua kimyakimya, na kila mtu anamtazama mwenzake.

Gesi nunua mitungi miwili ya kilo 15, mmoja jikoni na mwingine umejaa unasubiri. Mnachanga sawasawa. Nilijaribu kupima nani anapika zaidi, nikaacha. Hapo kupimana sana kunaleta ugomvi kuliko kupunjana kidogo.

Kuhusu chakula, sema mapema. Nyumba zetu zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, na sufuria ni zilezile. Kwenye nyumba zangu kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hakipikwi jikoni wala hakiwekwi kwenye friji ya pamoja, na ninalieleza hili siku mtu anapokuja kuona chumba, kabla ya kuzungumza bei. Anayekipenda anajua kinapopatikana mtaani. Vivyo hivyo Ramadhani ikifika, jiko litawaka saa kumi usiku kwa ajili ya daku, na Mkristo aliyelala chumba cha karibu na jiko lazima awe ameambiwa. Mwaka mmoja wapangaji wasiofunga walichukua wenyewe zamu zote za kuosha vyombo mwezi mzima. Mfungo ulipokwisha, siku ya Idi, walipikiwa pilau hadi wakashindwa kuinuka. Siwezi kuandika kifungu cha mkataba cha kuleta hilo, lakini siku watu wanapokuja kuona chumba natazama nani anaelekea kuwa na moyo huo.

Usafi wa kila siku, yaani kupiga deki korido, choo na jiko, mlipe mtu. Zamu za wapangaji zinafanya kazi wiki tatu tu. Waachie vyombo vyao, na vyumba vyao.

Kuchagua watu

Usipokee mtu kwa simu. Aje, akae sebuleni, akutane na walau wapangaji wawili. Muulize anaamka saa ngapi, anapika au ananunua, ana mgeni wa mara kwa mara, anatoka nyumba gani na kwa nini. Anayezungumzia vibaya kila aliyewahi kuishi naye atakuzungumzia na wewe. Kisha waulize wapangaji faragha: "Mnaonaje?" Mmoja akikataa kwa sababu inayoeleweka, sichukui. Chumba kitupu wiki mbili zaidi ni hasara ndogo kuliko kupoteza wawili wazuri.

Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya ndugu wa karibu, na mahali pa kazi au chuo. Nakala hizo zifungie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata wewe mwenye vyumba vitano, kwa hiyo usirushe kitambulisho cha mtu kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Kamera ikiwepo, itazame geti, isitazame korido ya vyumba. Kila mpangaji mpya mpeleke kwa mjumbe akajulikane na aandikwe serikali ya mtaa. Siku kukiwa na msako au wizi jirani, utafurahi kwamba mjumbe anawajua kwa majina.

Mkataba uwe wa Kiswahili, kurasa mbili, uwe na kodi, amana ya mwezi mmoja, kinachohesabika ni uharibifu na kisichohesabika, notisi ya mwezi, na kanuni za uani. Mimi nadai kodi ya mwezi mmoja mmoja au mitatu, sidai sita. Kuna wenzangu wanaoniona mjinga. Lakini kijana anayeanza kazi hana miezi sita, na ukimrahisishia kuingia atakaa miaka miwili.

Wageni wameshinda kila kifungu nilichoandika hadi nilipoandika hiki: mgeni wa kulala asizidi usiku mbili kwa wiki, na ndugu kutoka mkoani asizidi wiki mbili, baada ya hapo anachangia maji na gesi kama mkazi. Mtu huwezi kumkataza kumpokea mdogo wake aliyekuja kutafuta kazi, huo si utu. Lakini mdogo akishamaliza mwezi bila kuchangia, wengine wanaanza kununa, na mwenyeji anajifungia chumbani kwa aibu. Kifungu hiki kimemwondolea aibu kila mtu.

Serikali

Pata TIN, yaani namba ya mlipakodi, na uulize manispaa yako kuhusu leseni ya biashara. Ukipanga nyumba kwa ajili ya biashara, sheria inakutaka uzuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Kwenye mfano wetu ni 70,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi watasema, "Mimi nataka zangu kamili." Ukikubali, kodi yako halisi imekuwa kama 777,800, na faida ya 290,000 imeshuka hadi 212,000. Lijadilini kabla ya kusaini. Mkataba nao una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, hapa ni 84,000. Mkataba usiolipiwa ushuru huo utakusumbua siku ukiuhitaji kwenye baraza la ardhi.

Usipangishe kwa usiku mmoja mmoja ili kuziba pengo. Hapo umeingia kwenye biashara ya nyumba ya wageni, ambayo ina leseni na masharti yake, na wapangaji wako wa kudumu wataanza kukutana na watu wasiowajua bafuni.

Mtu akishindwa kulipa, na mtu akiondoka

Akichelewa siku tatu, mpigie, usimwandikie kwenye kundi. Akichelewa wiki mbili, kaa naye mpange awamu kwa maandishi. Ikishindikana, mpe notisi, na mgogoro upeleke kwa serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, na mwisho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usibadilishe kitasa, usitoe godoro la mtu nje, usimkatie umeme. Hata kama unamdai, hilo litakugeuza wewe kuwa mkosaji, na wanne waliobaki watakuwa wanatazama dirishani wakijiuliza yao itakuwaje.

Anayeondoka vizuri, kagua chumba pamoja naye mchana, madirisha yakiwa wazi. Soma submita, aandike namba kwa mkono wake. Rudisha amana siku hiyohiyo, akiwa bado ameshika begi, na ukikata kitu mwonyeshe kilichokatwa ni nini. Kisha muulize kama ana mwenzake kazini anayetafuta chumba. Robo tatu ya wapangaji nilionao leo Tabata waliletwa na watu waliokuwa wanaondoka. Jioni yake mwite fundi rangi, koti moja jeupe, toa godoro lipigwe jua kutwa nzima kesho yake, badilisha kitasa, na ufunguo mpya uwe umeshaandikwa namba ya chumba kabla wa kwanza hajaja kuona.